Usimwambie Atulie

Tarehe 6 Julai 2024, mjini Düsseldorf, Uingereza na Uswisi walimaliza dakika 120 za robo fainali ya Kombe la Ulaya wakiwa sare ya bao moja kwa moja. Zikaja penalti. Kwenye vibanda umiza vya kwetu wenye kumbukumbu ndefu walishaanza kucheka, maana Uingereza na penalti ni hadithi ambayo mwisho wake unajulikana. Safari hii wakapiga tano, zikaingia tano. Ivan Toney alipiga ya kwake bila kuutazama mpira, macho yote kwa kipa. Bukayo Saka, ambaye miaka mitatu nyuma alikosa penalti ya mwisho ya fainali akiwa na umri wa miaka 19, akafunga. Kipa Jordan Pickford aliidaka ya Manuel Akanji, na kamera zikanasa chupa yake ya maji ikiwa imebandikwa karatasi: majina ya wapigaji wa Uswisi, na kwa kila jina, upande wa kurukia.

Wachambuzi wakasifu roho ngumu. Ndivyo tunavyozungumza siku zote juu ya mtu anayefanya kazi ngumu mbele za watu bila kutetereka: ana roho ya chuma, hana hofu, amezaliwa hivyo. Na asiyeweza tunamwambia atulie, kana kwamba utulivu ni kitu anacho mfukoni ila amesahau kukitoa. Mimi naona sifa hiyo inapelekwa pasipohusika. Waingereza wa 2024 hawakuwa na mioyo tofauti na ya baba zao. Walikuwa na karatasi kwenye chupa.

Kwa miaka mingi makocha wengi waliichukulia penalti kuwa bahati nasibu. Hoja yao haikuwa ya kijinga: unaweza kupiga mipira mia mazoezini, lakini mchecheto wa uwanja uliojaa huwezi kuuleta uwanja wa mazoezi, kwa hiyo ya nini kujisumbua. Matokeo yake yalionekana Saint-Étienne mwaka 1998, dhidi ya Argentina. Penalti ya tano ya Uingereza alipewa David Batty, kiungo mpambanaji, mtu wa kukaba na kunyang'anya. Hakuwahi kupiga penalti hata moja katika maisha yake ya soka la kulipwa. Aliijaribu ya kwanza pale, usiku wa Kombe la Dunia, timu nzima ikimtegemea, na kipa akaipangua. Hakuna aliyemfanyia hisani Batty kwa kumwamini.

Kuna mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, aliyekaa na mikanda ya penalti za mashindano makubwa akipima mambo ambayo sisi tukitazama hatuyaoni. Mojawapo ni muda unaopita kati ya filimbi ya mwamuzi na mpigaji kuanza kuufuata mpira. Aliona kwamba wanaoondoka papo hapo, filimbi ikiwa bado inalia, hukosa zaidi kuliko wanaovuta pumzi kwanza. Aliona pia kwamba wapo wanaompa kipa mgongo wanaporudi nyuma kuchukua hatua, kama hawataki kumwona. Na katika mataifa aliyoyapima, Waingereza walikuwa miongoni mwa wenye haraka zaidi.

Haraka hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye somo kuliko magoli yenyewe. Mtu anayekimbilia mpira vile haharakishi kufunga, anaharakisha yaishe. Wasiwasi unauma, na kila kinachouma mwili hutafuta namna ya kukiondoa. Namna iliyo karibu kabisa ni kuimaliza ile dakika, iwe kwa goli au kwa kukosa. Kwa maneno mengine, hakuna mtu anayekaa na wasiwasi akauacha hivi hivi. Lazima atapunguza. Jambo la kuuliza ni anaupunguza kwa kuikimbia kazi au kwa kuipanga kazi. Nikisoma habari za watu wanaozama katika wanachokifanya hadi wanasahau njaa na saa, naona karibu wote wamepata njia ya pili. Na nikitazama shule zetu na ofisi zetu, naona tumeweka njia ya kwanza wazi, ya pili tukaifunga.

Gareth Southgate aliijua njia ya kwanza kwa machungu. Yeye ndiye aliyekosa penalti ya nusu fainali ya mwaka 1996 pale Wembley, dhidi ya Ujerumani. Alipokuja kuwa kocha wa taifa miaka ishirini baadaye, alikataa neno bahati nasibu. Kabla ya Kombe la Dunia la 2018 wachezaji walipigishwa penalti mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka. Wakafanyishwa hata ile safari ya kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta, ambayo kila aliyewahi kuitembea anasema ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Nani apige na kwa mpangilio gani yakaamuliwa mapema. Waliambiwa wasikimbilie filimbi. Moscow, tarehe 3 Julai 2018, waliifunga Colombia penalti nne kwa tatu, ushindi wao wa kwanza wa penalti katika historia yao ya Kombe la Dunia. Kufikia 2024 kila mpigaji alikuwa hata na mwenzake maalumu wa kumpokea akirudi, afunge au akose.

Tazama walichofanya. Hakuna aliyeingia ndani ya moyo wa mchezaji kuutuliza. Walichukua jambo moja kubwa la kutisha wakalikata vipande: kutembea, kuweka mpira, kuvuta pumzi, kuchagua upande, kupiga, kurudi. Kila kipande kikazoeleka peke yake. Maamuzi yaliyoweza kufanyika wiki moja kabla yakafanyika wiki moja kabla, ili usiku ule libaki moja tu. Nani asiyeweza kubeba jambo moja?

Na bado wakashindwa. Fainali ya 2021 Wembley, mipango hiyo hiyo ikiwepo, Marcus Rashford na Jadon Sancho waliingizwa dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza ili wapige penalti. Wote wawili wakakosa, na Saka akawa wa tatu. Italia ikachukua kombe, na vijana wale watatu, weusi wote, wakaoga matusi ya kibaguzi ambayo hayastahili kurudiwa hapa. Maandalizi hayanunui matokeo. Ila nadhani si bure kwamba wawili kati yao walipewa ile kazi wakiwa wameugusa mpira mara chache mno jioni ile. Mchezo wenyewe haukupata nafasi ya kuwazoeza.

Mwanasaikolojia aliyeipa elimu ya kuzama katika kazi umbo lake anaitwa Mihaly Csikszentmihalyi, jina linalowatoa jasho hata watangazaji wazoefu. Alizaliwa mwaka 1934 katika familia ya Kihungari mjini Fiume, mji ambao leo ni Rijeka, Kroatia. Vita Kuu ya Pili ilimkuta mtoto, akafungwa kambini Italia, na huko, kwa masimulizi yake, ndiko alikogundua kwamba akicheza sataranji dunia ile mbaya inamtoka kichwani. Aliwaona pia watu wazima wenye vyeo na elimu wakiporomoka pindi vita ilipowanyang'anya kazi na heshima, na wachache waliobaki wamesimama. Baadaye, Chicago, alianza kwa kuwachunguza wachoraji. Kilichomshangaza ni kwamba walisahau kula picha ikiwa mkononi, na picha ikishakwisha wakaiegemeza ukutani wakaanza nyingine, kama vile ile iliyokwisha haiwahusu.

Mwaka 1975 akatoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wapanda miamba, wacheza sataranji, madaktari wapasuaji, watunzi wa muziki, wacheza kikapu. Hoja yake kuu inaelezeka kwa mistari miwili. Kazi ikiuzidi uwezo wako, unapata wasiwasi. Uwezo ukiizidi kazi, unapata uchovu wa kuchoshwa. Katikati, pale kazi inapokuvuta kidogo tu kuliko ulivyozoea, mkono na akili vinakwenda pamoja, na unazama. Yapo masharti mengine mawili: ujue unachotafuta, na upate jibu upesi kama umekosea au umepatia.

Wapo wanaoisoma hoja hii kama mahubiri ya furaha, na vitabu vya kujiendeleza vimeigeuza hivyo. Mimi naisoma kama habari ya vipimo. Kwa hesabu ya Csikszentmihalyi, wasiwasi si kasoro ya tabia. Ni taarifa kwamba kati ya kazi na uwezo kuna pengo. Na pengo lina pande mbili: unaweza kuongeza uwezo, au unaweza kuipunguza kazi kwa muda hadi uwezo uifikie. Kumwambia mtu atulie hakugusi upande wowote.

Anayetaka kuiona hali hiyo ya kuzama bila kwenda Chicago na aende barazani kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 22 mkononi za kunamulia kabla ya kuingia mtaji. Anachotafuta kila mmoja kinajulikana: mmalize mwenzio kete za safu ya mbele, au umfungie asiwe na pa kwenda. Jibu linakuja palepale, umekula au umetakata. Watazamaji nao hawana huruma. Mchezaji hajamaliza kuzungusha, tayari yupo mzee anaguna. Lakini mgeni hakalishwi mbele ya fundi siku ya kwanza. Anacheza na mgeni mwenziwe, anasimama nyuma ya wazee anatazama, anapewa fundi siku fundi akitaka kufurahi. Baraza linapanga ngazi bila kuwa na mtaala. Ndiyo maana utawakuta watu wenye madeni, wenye wagonjwa nyumbani, wenye kesi mahakamani, wamezama hapo tangu alasiri hadi adhana ya magharibi inawatoa. Madeni hayajapungua hata senti. Ila kwa saa mbili akili imepewa kitu cha ukubwa wake.

Hapa msomaji makini atauliza: basi wasiwasi wote ni mbaya, tuondoe wote? Hapana. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafunza panya kuchagua kisanduku cheupe badala ya cheusi, wakikosea wanapigwa shoti ya umeme. Rangi zilipotofautiana waziwazi, shoti kali iliwafunza haraka. Tofauti ilipokuwa ndogo, ya kuhitaji kutazama vizuri, shoti kali iliwaharibu. Ya wastani ndiyo iliyofaa. Utafiti huu unatajwa kila mahali kana kwamba ulifanywa kwa mameneja wa benki. Ni panya, tuwe waangalifu. Lakini mwenye kuendesha watu angefaidika kuutafakari: kitisho kinasukuma kazi nyepesi, kama kupanga matofali au kufagia uwanja, na kinaiua kazi inayohitaji kutofautisha rangi zinazokaribiana. Ni kazi gani ya maana siku hizi ambayo haihitaji hilo?

Hata mwili wenyewe hautofautishi sana hofu na hamu. Moyo unaokwenda mbio kabla ya mtihani ndio unaokwenda mbio kabla ya harusi. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu waliokuwa wanakwenda kuhutubia walitakiwa ama kujisemea kwamba wamesisimka na wana hamu, ama kujisemea kwamba wametulia. Waliosema wana hamu walionekana wasemaji wazuri zaidi. Naelewa kwa nini: kutoka kwenye mchecheto hadi kwenye hamu ni hatua moja, kutoka kwenye mchecheto hadi kwenye utulivu ni safari. Mbinu hii haigharimu chochote, anayeitaka aichukue.

Ila nina mashaka na dawa za mlangoni. Mwaka 2011 jarida la *Science* lilichapisha utafiti wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock: wanafunzi walioandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Habari ikazunguka dunia nzima, walimu wakaipenda, nani asiyependa dawa ya dakika kumi? Kisha kundi la watafiti likarudia majaribio 21 yaliyotoka katika *Science* na *Nature*, kwa idadi kubwa zaidi ya watu, na kutoa matokeo mwaka 2018. Majaribio 13 yalisimama. Hili la kuandika hofu halikuwamo katika hayo 13. Sisemi halimsaidii mtu yeyote. Mwenye kuandika na aandike. Nasema tu kwamba pengo lililochimbwa kwa miaka minne ya shule haliwezi kufukiwa kwa dakika kumi nje ya chumba cha mtihani.

Mtu aliyeionesha njia ya pili kwa ukamilifu zaidi ni jirani yetu wa Kenya, Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili. Yeye mwenyewe amejulikana kwa kukimbia akitabasamu, na watu wameiandika sana tabasamu hiyo. Mimi ningependa tutazame vitu vilivyomzunguka. Siku ya mbio haikupangwa mwaka mmoja kabla na kuachwa hivyo. Walisubiri hali ya hewa ndani ya siku kadhaa walizojitengea. Njia ilikuwa tambarare, ya kwenda na kurudi katika barabara ya miti ya Prater. Wakimbiaji wengi walipokezana kumkinga upepo. Gari la mbele lilimulika mstari wa taa barabarani kuonesha kasi ya dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Mwanamarathoni wa kawaida hubeba maswali kichwani: nakwenda haraka mno, huyu anayenipita nimfuate, upepo utageuka? Kipchoge aliondolewa karibu yote. Akabakiziwa kukimbia.

Kwa sababu ya wasaidizi wale waliopokezana, muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, na ni haki. Wapo waliosema ilikuwa maonesho ya biashara. Hata ikiwa hivyo, ilituonesha kitu ambacho mbio za kawaida hazikioneshi, yaani mwili wa binadamu unafika wapi ukiondolewa mashaka yasiyo ya lazima. Tena usisahau kwamba miaka miwili kabla, Monza, alijaribu jambo lile lile akakosa kwa sekunde 25. Vienna alikuwa anaifanya kazi ambayo alishaijaribu. Kazi ilikuwa imemtangulia kidogo tu, si maili.

Mwaka uliofuata, Oktoba 4 mjini London, mvua na baridi, mtu yule yule alimaliza wa nane kwa saa 2:06:49 na kusema sikio lake lilikuwa limeziba. Kuzama hakuagizwi kama chai. Unaweza kupanga yote uliyoweza kuyapanga, na mwili ukakataa siku hiyo. Alirudi kambini Kaptagat, kwenye ratiba ile ile na kocha yule yule, Patrick Sang, na mwezi Agosti 2021 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki huko Sapporo. Kushindwa hakukumfanya abadilishe roho, wala hatukusikia akihubiriwa atulie.

Nitaje pia ofisi, japo kwa ufupi, maana wengi wetu hatupigi penalti wala hatukimbii marathoni. Csikszentmihalyi na Judith LeFevre waliwapa wafanyakazi vifaa vya kulia kwa ghafla mara kadhaa kwa siku, na kila kikilia mtu aandike anafanya nini na anajisikiaje. Matokeo yaliyotoka mwaka 1989 yalikuwa ya ajabu kidogo: watu walizama mara nyingi zaidi kazini kuliko wakati wa mapumziko, lakini wakiwa kazini walitamani wawe kwingine. Naamini ni kweli hata Kariakoo na Posta, jijini Dar es Salaam. Tunaipata hali hiyo tunapobanwa na kazi yenye kueleweka, halafu tunadhani tunaichukia.

Simu nayo tunailaumu kwa kosa ambalo nusu yake ni letu. Jichunguze unafungua WhatsApp saa ngapi. Si wakati kazi inakwenda. Ni pale sentensi inapogoma, hesabu isipokubali, barua ya mteja mkorofi inapotaka jibu. Ni ile filimbi ya penalti, na sisi tunakimbia yaishe. Kuzima simu kunasaidia, lakini anayezima simu akabaki na kazi isiyo na mwanzo wala mwisho atapata dirisha la kuchungulia. Afadhali aikate kazi kwanza: leo naandika aya ya bei tu. Na bosi anayepita kila nusu saa kuuliza "imefikia wapi?" ajue kwamba yeye ndiye shoti ya umeme. Nikiri pia kwamba wapo ambao wasiwasi wao umeshakuwa ugonjwa, haulali usiku wala haujali kazi imekatwa vipande vingapi. Hao makala hii haiwahusu. Wanahitaji daktari, na hakuna aibu.

Yote haya nimeyasema ili nifike Kidato cha Kwanza.

Kila Januari nchini Tanzania watoto kwa maelfu wanatoka shule za msingi za serikali, walikosoma miaka saba kwa Kiswahili, wanaingia sekondari ambako Hisabati, Baiolojia, Fizikia na Jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Wanapewa wiki chache za kozi ya awali ya lugha, basi. Mtoto aliyeweza kueleza kwa ufasaha jani linavyotumia mwanga wa jua, sasa anatakiwa kujifunza jambo gumu zaidi la jani hilo hilo kwa lugha ambayo bado hawezi kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Ugumu umeongezwa mara mbili siku moja, wa somo na wa lugha, na uwezo ni ule wa Desemba. Kama ungeketi chini kutafuta namna ya kutengeneza pengo la Csikszentmihalyi kwa makusudi, usingeweza kubuni bora kuliko hapo.

Si kwamba hatukuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza kuanzia Januari 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu wa Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona wengi hawana kiwango cha kusomea masomo mengine. Kisha wakashauri Kiingereza kiendelee, kwa kuimarishwa. Sina nia ya kuufufua mjadala wote wa lugha katika makala moja. Wapo wazazi wenye sababu nzito za kutaka watoto wao wajue Kiingereza, na mimi nataka wakijue. Ninachouliza ni mtoto anafanya nini na ule wasiwasi katika miaka minne ya kusubiri tumalize mjadala.

Anafanya alichofanya mpigaji anayekimbilia mpira. Anatafuta namna ya kuupunguza. Mwalimu akiuliza "mmeelewa?", darasa zima linaitikia ndiyo kwa sauti moja, na sauti hiyo ndiyo kinga, kwa kuwa ndani yake hakuna anayejulikana kama hajaelewa. Anaacha kunyoosha mkono. Halafu anakariri. Kukariri tunakulaumu kama uvivu, kumbe ni kazi kubwa ya mtoto aliyeachwa peke yake: hajapunguziwa uzito na yeyote, kwa hiyo ameupunguza mwenyewe, akaacha maana akabeba maneno. Kwake ni jambo la busara kabisa. Anayekariri ukurasa mzima wa daftari asioujua maana ana bidii ambayo wengi wetu hatukuwahi kuwa nayo. Ila hawezi kuzama katika somo asilolielewa. Hatajua ile jioni ambayo hesabu inamnogea hadi anaitwa kula mara tatu. Novemba ya Kidato cha Nne ikifika, tunamkusanya pamoja na wenzake uwanjani, mgeni rasmi anawaombea utulivu.

Najua jibu litakalokuja: wapo waliofaulu hivyo hivyo, leo ni madaktari na mahakimu, watoto wazoee ugumu. Wapo kweli, na nawaheshimu. Lakini hatuwahesabu waliopotea njiani wakiamini ni wajinga. Na kuzoea ugumu kuna utaratibu wake. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg mwaka 2013. Hakuna aliyemwita mvivu kwa kukaa miaka kumi kwenye mbio fupi zaidi.

Sera ya taifa itachukua muda wake, kama ilivyochukua tangu Makweta. Yapo mambo yanayoweza kufanyika muhula huu. Wanafunzi wawili wawili wazungumzie swali kwa Kiswahili dakika chache kabla ya yeyote kusimama, ili anayenyoosha mkono awe anapeleka jibu la watu wawili. Wazo jipya liingie kwa lugha wanayoijua, na Kiingereza chake kije mwisho wa kipindi, likiwa limeshaeleweka. Mazoezi madogo ya kila wiki yasiwe na alama za kupeleka nyumbani, mtoto ajue amekosea wapi bila kuaibika kwa kukosea. Mtihani wa lugha uwe mtihani wa lugha, na wa Baiolojia uwe wa Baiolojia, angalau katika mwaka ule wa kwanza. Walimu wengi wanafanya sehemu ya haya tangu zamani. Wanaeleza kwa Kiswahili huku wakichungulia dirishani kama mthibiti ubora wa shule hajaingia getini, maana kwa sheria ya darasa lao wanafanya kosa. Wizara haihitaji fedha za wafadhili kuwatoa katika hali hiyo. Inahitaji waraka wa ukurasa mmoja, wenye sahihi, unaosema mwalimu wa Kidato cha Kwanza anaruhusiwa kueleweka.